Mume Wangu Anampiga Mtoto kwa Kukojoa Kitandani: Je, Ninyamaze?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mwanangu ana miaka 8. Tangu ugomvi wangu na baba yake uzidi, amerudia kukojoa kitandani, na kila asubuhi baba yake humpiga. Nikimtetea, hunisomea Hadithi ya kuwapiga watoto kwa ajili ya Sala, na husema kumkumbatia mtoto wa kiume ni kumdekeza. Je, nikimpinga nitakuwa nimemwasi mume?

JIBU: Waalaykumus salaam, dada yangu. Swali lako limenihuzunisha, kwa kuwa Hadithi ya Mtume (s.a.w.) imegeuzwa fimbo ya kumpigia asiye na kosa.

Hadithi hiyo, aliyoipokea Abu Dawud, inaagiza watoto waamrishwe Sala wakiwa na miaka 7, na wapigwe kwa kuiacha wakifika miaka 10. Mwanao ana miaka 8. Hata angeiacha Sala yenyewe, mumeo hana ruhusa humo ya kumpiga, na kwa huyo wa miaka 10 wanazuoni wameshurutisha pigo lisiumize, lisiguse uso, wala lisiwe la kutulizia hasira. Tena kuacha Sala ni tendo alifanyalo mtu kwa kutaka kwake, kwa hiari. Mkojo wa usingizini una hiari gani? Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Mwanao yumo katika wawili kati yao kwa wakati mmoja, kwani ni mtoto na amelala. Ambaye Mola wake hamwandikii kosa, baba yake anamwadhibu kwa lipi?

Ama hoja ya kudekeza, al-Aqra' bin Habis, mtu wa zama za Mtume (s.a.w.), aliitangulia. Alipomwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, alisema kwamba yeye ana watoto 10 na hajapata kumbusu hata mmoja, naye akajibiwa: "Asiyerehemu harehemewi." Mtazame pia Yusuf (a.s.): alipoota ndoto, alimweleza baba yake, na Yaqub (a.s.) akamsikiliza na kumhadharisha kwa upole. Mtoto anayeamshwa kwa kofi atamweleza nani yanayomtisha?

Kwa hiyo kumtetea si uasi, maana hakuna kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba. Lakini zungumza na mumeo faraghani, naye ametulia, kwa kuwa mabishano mbele ya mtoto ndiyo yanayomtia hofu, na mara nyingi mtoto husikia wazazi wakigombana akadhani yeye ndiye chanzo. Mwambie waziwazi kwamba sivyo. Mpeleke pia kwa daktari, kwani mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akairudia huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au kisukari, mbali na hofu, na pengine mumeo atalainika akisikia hayo kwa mwingine.

Asiposikia, itisheni wasuluhishi wawili, mmoja wa kwako na mmoja wa kwake, kama ilivyoamrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 35. Na kipigo kikifikia kumjeruhi, usingoje kikao chochote: mtoe mtoto kwanza, umpeleke kwa jamaa atakayekuwa salama kwake, kisha ndipo mkae kuzungumza.

Wallahu a'lam.