Kabla ya vipaza sauti, someni Maneno Saba

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mpiga fidla ambaye, pamoja na wenzake watatu, anataka kurekodi muziki mtakatifu kwa ajili ya Pasaka, naye aliniuliza wanunue vipaza sauti vya aina gani. Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote: vipaza sauti vinakuja mwisho, na maneno ndiyo yanayotangulia.

Nayasema haya kwa sababu rekodi yetu ya Maneno Saba ya Mwokozi Msalabani, kazi ya mtunzi wa Austria Joseph Haydn yenye kipande kimoja cha muziki kwa kila moja ya kauli saba za Yesu msalabani, imetoka mwezi huu, nami, mpiga viola (ala kama fidla, ila kubwa kidogo na yenye sauti ya chini zaidi) wa kundi letu la watu wanne, naionea fahari bila kuficha. Haydn aliitunga kwanza kwa okestra, kwa ombi lililotoka Cádiz nchini Hispania, na mwaka 1787 akaipanga kwa kwateti, yaani kundi la ala nne: fidla mbili, viola na selo, ala kubwa ya sauti nzito. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kuta, madirisha na nguzo za kanisa la huko zilifunikwa kitambaa cheusi, taa moja tu ikaning'inia katikati, na saa sita mchana milango ikafungwa. Askofu alitamka neno moja la Yesu, akalihubiri, kisha akashuka na kupiga magoti mbele ya altare, na hapo ndipo muziki ulipoanza; ikawa hivyo kwa kila neno.

Katika toleo la kwateti, maneno ya Kilatini yalichapwa chini ya noti za mwanzo za fidla ya kwanza, ingawa hakuna mwimbaji. Ndiyo maana tulianza mazoezi kwa kuyasoma kwa sauti, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwao. Niliposoma "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", nilielewa mahali ambapo upinde wangu ulipaswa kupumua. Neno la tano, "Naona kiu", lina nyuzi zinazodonolewa kwa vidole chini ya fidla ya kwanza, na wapigaji wasiokumbuka kiu hiyo huigeuza kuwa wimbo wa kubembeleza wapenzi. Neno la sita, "Imekwisha", huanza kwa noti tano nzito za ala zote nne, na asiyejua kwamba zinabeba silabi za "Consummatum est" atazipiga kwa hasira, ilhali anayesema pale amekamilisha kazi yake.

Kampuni moja ya kutoa rekodi ilitujibu kwa sentensi moja kwamba saa nzima ya muziki wa polepole haina mnunuzi. Jibu hilo bado linaniuma, kwa sababu halikuonyesha kwamba yeyote alisikiliza hata dakika moja ya tuliyoyatuma. Haydn mwenyewe alikiri kwamba haikuwa rahisi kutunga vipande saba vya polepole, kila kimoja cha dakika kama kumi, bila kumchosha msikilizaji. Alijua ugumu huo na akaukubali. Basi nanyi msiuogope.

Habari za fedha na ratiba nazipita. Tulichagua kanisa la mawe lenye mwangwi wa wastani, tukarekodi usiku magari yakiwa yamepungua, na tukamwomba fundi wa sauti anase kila neno zima kabla ya kurudia sehemu yoyote. Mwisho wa kila kipande, isipokuwa kile cha neno la saba, tuliacha pinde hewani mpaka mwangwi ufe. Vijana, jifunzeni kunyamaza pamoja, na someni maneno tena kila mnapoketi kurekodi, kwa maana sala haiungwi kwa vipande vya sekunde chache.

Jambo la mwisho linahusu neno la saba, ambalo hupigwa nyuzi zikiwa zimefifishwa kwa kibanio kidogo juu ya daraja la ala, na ambalo Haydn aliagiza lifuatwe papo hapo na tetemeko la ardhi, kwa kasi na kwa nguvu zote. Fundi alipendekeza turekodi viwili hivyo siku tofauti ili tupate muda wa kuondoa vibanio. Tulikataa, tukafanya mazoezi ya kuviondoa kwa haraka bila kelele, na tukavipiga mfululizo. Mkishauriwa kuvitenganisha, kataeni nanyi.