Mama mkwe anasema sukari ya ORS inazidisha kuhara: jibu langu

Dada, umesema mama mkwe amekukataza kumpa mtoto anayehara ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini) kwa sababu ina sukari, anataka umpe maji ya chumvi peke yake. Mimi ni nesi, mwaka wa 14 huu, na kambi za kipindupindu nimezikaa. Usimpe maji ya chumvi matupu. Ila mama usimbeze, kuna kitu amekiona.

Utumbo kwa ndani umetandikwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno, unene wake kama nanomita 7 au 8 (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni). Utando wenyewe ni matabaka mawili ya mafuta: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, mikia inayoyakimbia maji imejificha katikati. Umeona macho ya mafuta juu ya supu yanavyotembea na kuungana? Utando nao ni laini hivyo, haukukazwa kama ngozi ya ngoma. Chumvi ikiyeyuka huwa chembe zenye chaji ya umeme, sodiamu na kloridi, na chembe hizo hazipenyi mafuta. Lazima zibebwe na protini zilizochomekwa ndani ya utando.

Protini inayokuhusu wewe leo ina tabia ya daladala za shamba, haiondoki mpaka ijae. Abiria wake ni sodiamu mbili na glukosi moja, yaani ile sukari iliyomo kwenye ORS. Glukosi isipokuwepo, sodiamu zinabaki kituoni. Wakivuka wote, maji yanawafuata, na hapo ndipo mtoto anapopata maji mwilini. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza jambo hili kwenye mkutano mjini Prague mwaka 1960.

Sumu ya kipindupindu inafungulia njia za kloridi kwenye utando huohuo. Kloridi inamwagika utumboni, sodiamu na maji nyuma yake, ndiyo ule uharo kama maji ya kuoshea mchele. Lakini daladala yetu sumu haiigusi! Nilipofundishwa hili chuoni sikulala, nikiwaza watu wangapi walikufa kabla halijajulikana. Mwaka 1971, wakimbizi kutoka Bangladesh walipojaa Bangaon, India, na dripu zikaisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu wa wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na glukosi wawanyweshe wenyewe. Vifo kwa waliohudumiwa hivyo vikashuka chini ya asilimia 4.

Sasa hoja ya mama. Kuna bibi alikuwa anauguza mjukuu wa mwaka na nusu, mtoto anatema ORS. Usiku bibi akaongeza vijiko kadhaa vya sukari. Alfajiri nikakuta macho yamedidimia, ngozi ukiivuta hairudi. "Nesi mwanangu, nilitaka apate kunywa tu," akaniambia huku analia. Sukari ikizidi, daladala hazitoshi. Inayobaki utumboni inavuta maji kutoka mwilini, kuhara kunaongezeka. Soda na juisi za dukani zinafanya vivyo hivyo. Tulimtundikia dripu, jioni akanyonya.

Kwa hiyo kipimo ndicho dawa. Tangu 2002, ORS ya Shirika la Afya Duniani ina glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6 kwa lita; ukijumlisha na sodiamu ya sitrati iliyomo pia, chembe za sodiamu na za glukosi zinalingana idadi, milimoli 75 kwa 75 (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe). Soma pakiti: ikiandikwa lita moja, ni lita moja, siyo chupa ya soda ya nusu lita. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena taratibu. Ziwa usimwachishe, na kituo cha afya ulizia vidonge vya zinki. Akilegea, akishindwa kunywa au ukiona damu, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Mchanganyiko uliopitisha saa 24 umwage, na huo mpya mwombe mama mkwe apime yeye.