Uliza Takwimu: Masharti Kwanza, Fomyula Baadaye

Mitihani ya mwisho wa muhula imebisha hodi, na barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu migawanyo ya uwezekano na takwimu za kihisabati. Tumejibu tano. Zilizotaka tuwafanyie watu kazi walizopewa na wahadhiri wao tumeziacha kwa wenyewe.

Fomyula zote ninazo kichwani, lakini swali likija kwa maneno nachanganyikiwa kama ni bainomia, Poisson au kitu kingine. Sapu (mtihani wa marudio) ya mwaka jana niliipata kwa sababu hiyo. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Changanyikeni*

Weka fomyula pembeni kwanza. Jiulize: ninahesabu au ninapima? Kama ninahesabu, je, idadi ina kikomo cha juu? Uwezekano ni uleule kila mara? Tokeo moja linaathiri linalofuata? Bainomia inataka idadi ya majaribio iliyojulikana mapema, uwezekano usiobadilika, na majaribio yasiyotegemeana. Sharti moja likikosekana, hiyo si bainomia, hata swali liwe limejaa maneno "nzima" na "mbovu".

Tuseme duka la Kariakoo limepokea boksi la balbu 50, na 4 kati yake ni mbovu. Muuzaji anatoa 10 bila kuzirudisha na kuzijaribu. Kuna uwezekano gani asikutane na mbovu hata moja? Wengi wataandika 0.92 (yaani 46 ÷ 50) kwa kipeo cha 10, wapate 0.434. Lakini kila balbu inayotoka inabadilisha hali ya zilizobaki, kwa hiyo mgawanyo unaofaa ni wa haipajiometri, wa kuchota bila kurudisha. Hapa tunatafuta nafasi ya mbovu zote 4 kubaki kati ya balbu 40 ambazo hazikutolewa:

(40 × 39 × 38 × 37) ÷ (50 × 49 × 48 × 47) = 0.397

Ingekuwa shehena ya balbu 5,000 zenye mbovu 400, majibu ya njia zote mbili yangekaribiana sana, maana kutoa 10 kati ya 5,000 hakubadilishi kitu cha maana. Kipimo cha mkono ni hiki: sampuli isipozidi asilimia 5 ya vyote vilivyopo, tumia bainomia bila wasiwasi. Hapa sampuli ni asilimia 20.

Poisson itafute pale ambapo unahesabu matukio katika muda au eneo fulani na hakuna kikomo cha juu kilichopangwa. Ukipima muda baina ya matukio hayohayo, umehamia kwenye mgawanyo wa kieksponenti.

Shikamooni. Kwa ajili ya mradi wangu nilihesabu wateja wa kibanda cha wakala wa pesa za simu pale Mwenge, vipindi 36 vya dakika tano tano. Wastani ni 3.2 na variansi (kipimo cha mtawanyiko wa namba) ni 9.7. Msimamizi anasema "hiyo si Poisson". Kwani kuhesabu wateja si ndiyo Poisson yenyewe?
*Mwanafunzi, Sinza*

Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi, na namba zako mwenyewe ndizo zinazokuumbua. Katika Poisson wastani na variansi ni kitu kimoja. Sampuli mara chache hutoa usawa kamili, lakini mara tatu ni nyingi mno. Kulipima hilo, chukua idadi ya vipindi, toa kimoja, zidisha kwa variansi, kisha gawa kwa wastani: 35 × 9.7 ÷ 3.2 = 106.1. Linganisha na jedwali la kai-mraba lenye digrii huru 35 (vipindi 36 ukitoa kimoja), ambapo mpaka wa asilimia 5, ambao Poisson halisi ingeupita takriban mara 5 tu katika 100, ni 49.8. Umeupita zaidi ya mara mbili.

Ukitaka kuona Poisson iliyokaa sawasawa, tazama takwimu alizochapisha mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz mwaka 1898 kuhusu askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Kumbukumbu 200 (vikosi 10 kwa miaka 20) zilikuwa na vifo 122, yaani wastani wa 0.61. Variansi nayo ni 0.61. Poisson inatabiri kumbukumbu 108.7 zisizo na kifo chochote; zilizoonekana ni 109. Farasi hapangi zamu na mwenzake, na hapo ndipo siri ilipo.

Wateja wa Mwenge ni habari nyingine. Daladala ikishusha, watu wanne wanakuja kibandani kwa pamoja. Saa nne asubuhi si sawa na saa kumi na moja jioni. Poisson inataka matukio yaje moja moja, yasitegemeane, na kasi iwe ileile muda wote; kibandani pale masharti yote matatu yanavunjika. Rudi kwenye daftari lako ugawe vipindi kwa saa. Ikiwa ndani ya kila saa variansi inashuka karibu na wastani, tatizo lilikuwa kasi inayobadilika. Isiposhuka, watu wanakuja kwa makundi, na hapo jaribu bainomia hasi, ambayo variansi yake ni μ + μ²/k; μ ni wastani, na k ikiwa ndogo mtawanyiko ni mkubwa. Kwa namba zako, k = 3.2² ÷ (9.7 − 3.2), takriban 1.6.

Usidhani huu ni ubishi wa darasani tu. Ukishikilia Poisson, kosa sanifu la wastani wako (kipimo cha jinsi unavyoweza kuyumba) litakuwa 0.30, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 utakuwa 3.2 ± 0.58. Ukitumia variansi halisi, kosa sanifu linakuwa 0.52 na wigo 3.2 ± 1.02. Hata huo wa pili huenda bado ni mwembamba, kwa kuwa vipindi vinavyofuatana mara nyingi hufanana. Yaani ulikuwa ukijiamini karibu mara mbili ya unavyostahili.

Tuseme mabasi yanapita kituoni kila dakika 10 kwa wastani. Mimi nafika bila kupanga saa. Si nitasubiri dakika 5 kwa wastani? Mbona nikipiga saa inazidi?
*Abiria wa Kimara*

Dakika 5 ni sahihi endapo mabasi yanapishana kwa dakika 10 kamili, kila mara. Wakazi wa Kimara wanajua hilo hutokea mara ngapi.

Chukua hali hii: nusu ya mapengo ni ya dakika 2 (basi limemfuata mwenzake nyuma) na nusu ni ya dakika 18. Wastani bado ni 10. Ila wewe unayefika wakati wowote, una nafasi kubwa zaidi ya kuangukia pengo refu, kwa sababu ndilo linalochukua muda mwingi: dakika 18 katika kila 20, yaani 0.9. Ukiangukia humo utasubiri 9 kwa wastani. Ukiangukia pengo fupi, utasubiri 1. Jumla: 0.9 × 9 + 0.1 × 1 = 8.2.

Kwa ujumla, wastani wa kusubiri ni μ/2 + σ²/(2μ), ambapo μ ni wastani wa mapengo na σ² ni variansi yake. Kipande cha pili ndicho adhabu ya mabasi kutokuwa na mpangilio. Mapengo yakiwa ya kieksponenti, σ inalingana na μ, na utasubiri dakika 10 nzima, hata kama umefika sekunde moja tu baada ya basi kuondoka au dakika saba baadaye. Mgawanyo huo hauna kumbukumbu. Kwa hiyo kauli ya "nimesubiri sana, sasa litakuwa karibu" haina mashiko hapo. Kwenye mapengo yaliyopangwa, ina mashiko kabisa.

Natafuta kadirio la uwezekano mkubwa zaidi kwa mgawanyo sare kati ya 0 na θ (kila namba hapo katikati ina nafasi sawa). Nimechukua logi, nimetafuta derivativu, nimeilinganisha na sifuri, naishia −n/θ = 0. Haina jibu! Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kigamboni*

Unatafuta θ inayozipa data zako uwezekano mkubwa zaidi, na hesabu haina kosa. Ulichosahau ni mipaka. Kwa sampuli ya namba n, uwezekano wa data yako ni 1/θⁿ pale tu θ isipopungua namba kubwa kuliko zote kwenye sampuli. θ ikiwa chini ya hapo, uwezekano ni sifuri, kwa kuwa data ulizo nazo mkononi zisingeweza kutokea. Chora picha: sifuri, sifuri, kisha mruko wa ghafla kwenye namba kubwa zaidi, halafu mteremko. Kilele kiko pale kwenye mruko, na derivativu haitakuonyesha kilele cha namna hiyo hata ukeshe. Kadirio ni namba kubwa zaidi ya sampuli.

Kadirio hilo huegemea chini kidogo: wastani wake ni nθ/(n+1). Lizidishe kwa (n+1)/n, egemeo linaondoka. Wapo wanaopenda kuzidisha wastani wa sampuli kwa 2, njia ambayo nayo haina egemeo. Lakini angalia sampuli hii: 1, 1, 2, 2, 9. Wastani ni 3, kadirio linakuwa 6, na 9 iko hapo inakutazama! Namba kubwa iliyorekebishwa inatoa 9 × 6/5 = 10.8. Variansi zinasimulia jambo hilohilo: θ²/(3n) kwa njia ya wastani, θ²/(n(n+2)) kwa namba kubwa iliyorekebishwa. Sampuli ikiwa ya 10, ya kwanza ni mara nne ya ya pili.

Watahini wanapenda kuongeza hapa: "Je, mpaka wa Cramér na Rao unatumika?" Hautumiki. Mpaka huo, ambao ni kikomo cha chini cha variansi ya kadirio lisilo na egemeo, unadai eneo la data lisitegemee kigezo kinachokadiriwa, na hapa linategemea θ yenyewe. Andika sentensi hiyo moja. Ndiyo yenye maksi.

Jedwali la mgawanyo wa kawaida tulilopewa chuoni linasema 0.9750 kwa 1.96, la kitabu cha kaka yangu linasema 0.4750. Lipi lina makosa?
*Msomaji, Tabata*

Yote mawili ni sahihi. La kwanza linapima eneo lote lililo kushoto kwa 1.96, la pili linapima kuanzia 0 hadi 1.96. Yapo pia yanayotoa mkia wa kulia tu, 0.0250. Kabla ya kutumia jedwali lolote kwenye chumba cha mtihani, tafuta 0.00: ukikuta 0.5000 na namba zinazidi kupanda, ni la kushoto, ukikuta 0.5000 na zinashuka, ni la mkia, ukikuta 0.0000, linaanzia katikati.