Mkongwe wa miaka 36 au dogo wa miaka 19?

Kocha, shikamoo. Umeuliza nani aanze kiungo kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, ya hapo Pasua, Moshi, mkongwe wenu wa miaka 36 au dogo wa 19 anayewapa raha mazoezini.

Mimi ningemwanzisha dogo. Ila kwanza mwangalie mpira ukiwa bado haujamfikia: anageuza shingo kuona nani yuko nyuma yake? Dogo wa timu yetu alikuwa hageuzi. Masika moja, uwanja tope tupu, alipiga chenga mbili safi, ya tatu akanyang'anywa mbele ya boksi letu. Bao. Tangu hapo chenga za mazoezini hazinibabaishi.

Mkongwe naye mtazame baada ya dakika ya 60. Akishika kiuno kila mpira ukitoka nje na kurudi kukaba kwa kutembea, huyo si wa dakika 90 tena, lakini nusu saa ya kutuliza mpira mkiwa mnaongoza anaiweza kuliko wote.

Mkongwe akitumiwa kwa kipimo bado ana faida. Kwenye besiboli ya Marekani, mpigaji Albert Pujols alirudi timu yake ya zamani, St. Louis Cardinals, mwaka 2022, akiwa na miaka 42. Hawakumchezesha kila siku; walimtumia zaidi dhidi ya warushaji mpira wa mkono wa kushoto. Msimu huo akapiga homurani 24, yaani mipira ya kupigwa hadi nje ya uwanja, akastaafu na jumla ya 703.

Jambo moja tu: mfuate mkongwe nyumbani kwake umwambie mwenyewe, asije akaisoma kwenye grupu la WhatsApp. Na kitambaa cha unahodha mwachie.