Mshono wa kope haukaushwi

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 53, niko Tanga. Siku nne zilizopita nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam wa kupunguza ngozi ya kope za juu iliyokuwa imelegea. Kope ya kulia imevimba kuliko ya kushoto, na asubuhi naamka mshono una majimaji kidogo. Shangazi anataka kunikanda kwa maji ya moto ya chumvi. Jirani yangu, aliyewahi kuuza katika duka la dawa, anasema nipasue kidonge cha rangi mbili, ninyunyizie ule unga ili kidonda kikauke, na amenipa matone ya macho aliyobakiza mwenyewe. Hospitali walinipa marhamu, lakini naona inaacha mafuta mafuta tu na mshono haukauki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Unga huo usiguse kope zako. Kama umeshaunyunyizia, nenda sasa hivi ukanawe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha urudi uendelee kusoma.

Kikauke, kikauke, kikauke. Neno hili nalisikia karibu kila kliniki, na wanaolileta wengi wao hawakushindwa na upasuaji, wameponzwa na haraka ya kukausha. Tumelelewa tukiamini kidonda kibichi ni kibaya na kikavu kimepona. Labda ni kweli kwa goti la mtoto aliyeanguka mpirani, ingawa hata hapo nina shaka. Ngozi mpya hutokea kingoni mwa jeraha na kutambaa kwenda kukutana katikati. Penye unyevu hupita kwa urahisi. Penye kigaga kigumu hulazimika kujichimbia njia chini yake. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alilinganisha majeraha ya nguruwe yaliyofunikwa yakabaki na unyevu na yale yaliyoachwa yakauke kwa hewa: yenye unyevu yaliota ngozi karibu mara mbili kwa haraka. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado tunabishana na spiriti.

Kwa hiyo hayo mafuta mafuta unayoyalalamikia ndiyo tiba yenyewe. Paka marhamu kama ulivyoelekezwa, utando mwembamba tu, kwa mikono uliyoiosha kwa sabuni. Iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya macho, maana marhamu ya ngozi haikutengenezwa ivumiliwe na jicho, na jioni lazima itateleza iingie ndani. Marhamu inapoingia usiku utaona ukungu kwa muda, usiogope. Kope iliyopunguzwa ngozi mara nyingi haifungi sawasawa siku za mwanzo, jicho hulala likiwa wazi kidogo, na marhamu hiyo hiyo hulizuia lisikauke. Sasa fikiria katika mwanya huo unadondoka unga wa kidonge. Kidonge kilitengenezwa kiende tumboni. Chembe zake zinakwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa, na wewe unapepesa zaidi ya mara kumi kwa dakika. Sijazungumzia bado kwamba dawa yenyewe, antibiotiki ya kuua vijidudu, ikinyunyiziwa juu juu hivyo, hufundisha vijidudu usugu.

Majimaji mepesi ya asubuhi, ya maji au ya njano iliyopauka, siku ya nne ni ya kawaida. Lowesha kipande cha shashi safi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, weka juu ya mshono mpaka uchafu ulainike, ufute taratibu kuelekea pembeni. Usibandue kigaga kwa kucha. Upande mmoja kuvimba kuliko mwingine nao ni jambo la kila siku, hasa kama unalalia upande huo. Lala chali, mito miwili au mitatu.

Shangazi najua anakupenda. Kukanda kumewasaidia wazazi wengi wa Tanga, lakini kope iliyokatwa juzi haina hisia kamili. Ganzi yake yaweza kukaa wiki kadhaa, na maji yatakuunguza usijue. Joto pia hufungua mishipa midogo ya damu, uvimbe ukaongezeka. Kilichotakiwa siku mbili za kwanza kilikuwa ubaridi: kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika kumi hivi, unapumzika, unarudia. Barafu yenyewe isigusane na ngozi, kwa sababu ile ile ya ganzi. Na kama maumivu yanakusumbua, parasitamoli inatosha. Aspirini, daiklofenaki na ibuprofeni huchochea damu kuvuja. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache wala kuirudia bila kuongea na daktari wake.

Sasa hayo matone ya jirani, ambayo yananiudhi kuliko unga. Matone mengi yanayotolewa kirahisi dirishani pa duka la dawa kwa ajili ya “macho mekundu” yana steroidi ndani: deksamethasoni, betamethasoni. Jicho linatulia siku ya kwanza, mgonjwa anafurahi, chupa inazunguka mtaa mzima. Kumbe dawa hiyo inapunguza kinga, kidonda kinachelewa kufunga, fangasi na virusi, kama vimo, vinatamba. Ikitumika wiki hadi miezi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi wala haiwashi. Inakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, na ulichopoteza hakirudi. Nimewapokea wenye umri wa miaka 20 na kitu waliofikia hapo kwa chupa walizojinunulia wenyewe, hawakuwa wamefanyiwa upasuaji wowote. Wapo pia waliopaka mkorogo kwenye kope ili kovu “liendane na uso”. Krimu hizo nyingi zina steroidi ile ile, na ngozi ya kope, ambayo haifiki unene wa milimita moja, inainywa upesi. Kovu la kope kwa kawaida hujififisha lenyewe kwa miezi sita hadi mwaka, na kiloidi, yaani kovu linalovimba na kuota kupita jeraha lenyewe, mahali hapo ni nadra sana hata kwetu wenye ngozi nyeusi. Wanja nao ungoje wiki mbili au zaidi. Ule wa jiwe wa asili mara nyingi una madini ya risasi, na mimi ningependa usiurudie kabisa.

Usisubiri ushauri wa gazeti ukiona haya: maumivu makali ya ghafla jicho moja, jicho kutokeza mbele na kuwa gumu, au kuona kunapungua. Hiyo huenda ni damu imejaa nyuma ya jicho. Hutokea zaidi saa 24 za kwanza lakini yaweza kuchelewa, na mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kufa ndani ya saa moja au mbili. Nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku, upite moja kwa moja dharura. Usaha mzito, wekundu unaosambaa au homa: nenda siku hiyo hiyo.

Nyuzi kwa kawaida hutolewa siku ya tano hadi ya saba, kwa hiyo unakaribia. Zikatolewe na aliyezishona au kliniki ya macho, si saluni, hata kama dada wa saluni ana mkasi mzuri. Nenda na ile chupa ya jirani mkobani, daktari aisome lebo. Kama umeshaitumia, mwambie ni mara ngapi.