Wadogo munaoingia mambo ya URSI, pimeni kelele ya kwenu kwanza

Wadogo wa Lubumbashi munaoanza memware (kazi ya kumaliza chuo) ya telekom mwaka huu, nimehangaika na redio miaka minne, kuna vitu nilivijua kwa taabu sana, bora niwaambie mapema.

Kwanza musichanganye URSI, muungano wa kimataifa wa sayansi ya redio, na UIT, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Kila mwaka kuna mtu ananiuliza "yaya, URSI njo wanagawa masafa?" Hapana jamani. Masafa ni mambo ya UIT kule Geneva, nchi zinakaa zinabishana, mkutano wao mkubwa wa redio wa 2023 ulikuwa Dubai. URSI ni watu wa sayansi tu, wapo tangu 1919, wanakutana wote kila miaka 3 (2023 walikuwa Sapporo, Japani), na wana tuzo ya vijana wa chini ya miaka 35 kwa hiyo musingoje mpaka muote mvi. Kamisheni zao ni 10, zina herufi kuanzia A mpaka K, ukiitafuta I utachoka, haipo. Ya mawasiliano ya redio na uchakataji wa sinyali ni C, na wote munakimbilia C sababu njo inasikika vizuri kwenye kichwa cha memware, hata mi nilifanya hivyo. Lakini ukikaa kwetu ukapima kweli utajikuta uko E, ya kelele na mwingiliano, ama G, ya ionosfea (tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ya redio chini), hata kama hukutaka.

Mi nilijikuta E kwa aibu. Nilikuwa na kale kadude ka USB ka bei ndogo, kalitengenezwa kushika TV ya dijitali ila watu wanakageuza redio, nikatega antena dirishani nyumbani Katuba, nikaona kwenye skrini vijiti vimesimama kama meno ya kitana, vimeachana sawasawa kama kilohezi 60. Nikajua nimepata! Nikaanza kurekodi saa mbili usiku bila kupiga hesabu, kumbe sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, baiti 2 kila sampuli, hiyo ni gigabaiti 17 kwa saa, saa tisa usiku ordi (kompyuta) inalia diski imejaa. Nikampelekea asista wetu wa chuo. Aliangalia kidogo tu akauliza, "Kura (umeme) ikikatika bado inaonekana?"

Sikuwa na jibu. Basi nikangoja kura ikatike, na hiyo kwetu haikawii, ordi ikabaki kwenye betri, naangalia skrini: taa za mtaa puu, na vijiti vyote vikalala palepale, kelele yote ikashuka kama maji ya beseni ukiyamwaga. Kura iliporudi nikaenda kwa mama wa nyumba ya pembeni nikamwomba azime taa zake moja moja, akaniona kama kichaa lakini alikubali, ya tatu njo ilikuwa yenyewe, ka LED ka bei ya chini kule jikoni. Memware yangu ya miezi mitatu ilikuwa taa ya jikoni.

Kwa hiyo kura ikikatika usiende kulala, hiyo njo saa yako. Pima kabla, pima wakati wa giza, pima ikirudi, na andika pia saa grupu (jenereta) za maduka zinapowashwa maana nazo zina kelele zao.

Na musione haya mambo ni ya mbali. Kabla ya Vita ya Kwanza Wabelgiji walijenga mnyororo wa stesheni za TSF (telegrafu isiyo na waya) kutoka upande wa bahari, Boma, mpaka Elisabethville, yaani hapa hapa kwetu, kazi ya Robert Goldschmidt, na kule Laeken, Brussels, kulikuwa na stesheni kubwa ya kuongea na Kongo. Kamisheni ya kimataifa ya TSF ya kisayansi, mama wa URSI, ilizaliwa kwenye mazingira hayo. Agosti 1914 Laeken ikalipuliwa Wajerumani wasiikute, kazi ikalala mpaka 1919. Swali lao lilikuwa sinyali inafika vipi mbali hivyo, leo inafika na kesho haifiki, na swali hilo unaweza kulifanya wewe na redio moja.

Kuna stesheni 18 za majaribio duniani zinapokezana kwenye megahezi 14.100, kila moja sekunde 10, mzunguko dakika 3. Inapiga jina lake kwa Morse halafu mistari minne (milio mirefu), wa kwanza wati 100, kisha 10, kisha 1, wa mwisho wati 0.1, hesabu tu umesikia mingapi. (Kale kadude ka kawaida kanaanzia megahezi 24 hivi, tafuta toleo linaloshuka chini ama redio ya masafa mafupi yenye SSB, ile hali inayokusikilizisha Morse.) Afrika Kusini ni ZS6DN, iko Pretoria, Kenya ni 5Z4B, na kutoka hapa zote mbili ni kama kilometa 1,500.

Sasa kuwa makini na saa ya ordi. Kwenye zamu Kenya inafuata Afrika Kusini bila nafasi katikati, saa yako ikikosea sekunde 10 tu umeandika nchi nyingine, na kwa sababu umbali ni karibu sawa hata nguvu ya sinyali haikushitui. Mi sikuwa na mega (bando) za kusawazisha saa kwa intaneti, na Morse nilikuwa sijui, nilisoma jedwali la zamu tu. Wiki mbili nzima daftari langu linasema Kenya, Kenya, mistari mitatu, safi kabisa, mpaka siku rafiki mmoja anayejua Morse alikaa pembeni yangu akasema mbona hii inapiga ZS6.