Je, ni kweli watu waliwahi kuchora picha juu ya utando wa buibui?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anayesoma sekondari ameniambia kwamba huko Ulaya watu walikuwa wakichora picha juu ya utando wa buibui. Mimi ni mkulima wa korosho, na msimu wa kuokota ukifika kila asubuhi napita kati ya mikorosho nikiondoa tando usoni. Sijaona hata mmoja unaoweza kubeba tone la rangi. Je, habari hii ni ya kweli?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao amesema kweli. Sanaa hiyo ilishamiri katika karne ya 18 na ya 19 huko Tyrol, eneo la milima ya Alps ambalo leo limegawanyika kati ya Austria na Italia, hasa katika bonde la Puster, na miongoni mwa wachoraji wake wanaokumbukwa ni Elias Prunner. Picha nyingi zilikuwa za Bikira Maria na watakatifu.

Hata hivyo, shaka yako ina msingi. Utando unaokunasa usoni shambani ni ule wa duara, wenye nyuzi chache zilizoachana na zenye gundi ya kukamatia wadudu, na kwa kweli huo haufai kuchorwa. Wachoraji wa Tyrol walitafuta utando wa buibui wa jamii nyingine, ambaye hufuma shuka zito lisilonata, lenye shimo pembeni mwake la kujifichia. Buibui huyo huongeza nyuzi juu ya nyuzi kadiri anavyotembea juu ya shuka lake, hata likawa kama kitambaa chepesi mno. Wengine walitumia hariri inayofumwa na viwavi wa nondo juu ya miti, ambayo kwa macho hufanana sana na utando wa buibui. Picha ya Bikira Maria na Mtoto Yesu iliyomo katika kanisa kuu la Chester, Uingereza, huitwa picha ya utando wa buibui, ilhali imechorwa juu ya hariri ya viwavi.

Kazi yenyewe ilitaka subira kubwa. Mchoraji aliondoa kwanza vipande vya majani na miguu ya wadudu, kimoja kimoja, kisha akatandaza tabaka kadhaa juu ya fremu au kadi nene yenye tundu katikati, akapaka maziwa yaliyochanganywa na maji ili utando ukaze. Baada ya hapo alichora kwa rangi za maji, akigusa kwa ncha ya brashi ndogo sana bila kukandamiza, kwa kuwa mkono ukizidi nguvu kidogo tu utando huchanika na kazi yote hupotea. Lakini ikikamilika hupitisha mwanga, na ukiinua picha dirishani huonekana pande zote mbili. Kwangu mimi, huo ndio uzuri ambao turubai haiwezi kuufikia.

Ufundi huu haukuishia Alps. Nchini Marekani, Anne Bradshaw Clopton (1878–1956), aliyeishi Huntsville katika jimbo la Alabama, alichora picha nyingi za namna hii, na baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Mwanao akitaka kujaribu, asihangaike na tando za mikorosho. Atafute shuka la buibui kwenye majani mafupi au pembe za ghala, alitandaze juu ya kadi yenye tundu, na aanze na rangi nyepesi.